Dirisha la Tatu la Juu

Kamati ya urithi ilikwisha kutangaza rasmi, kwa kibao cha shaba kilichopigiliwa mlangoni, kwamba jengo lile la Troyeville ni mfano adhimu wa mtindo wa Kijojia, kwamba fahari yake yote imo katika mpangilio wa madirisha yake, na kwamba hakuna dirisha hata moja litakaloguswa. Mtindo huo ulipewa jina la wafalme wa Uingereza walioitwa Joji, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba majina yalikuwa ya mgawo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanga chumba Johannesburg.

Kidawa alipanga. Mwaka 2017 fundi cherehani huyu wa Tanga alisimama barabarani, akatazama ghorofani, akaona madirisha matano yamenyooka kama wanafunzi mstarini. La katikati likamwingia moyoni.

"Nipe chumba chenye lile," alimwambia mwenye nyumba.

Akapewa. Alipofungua mlango, alikutana na ukuta.

Dirisha la tatu lilikuwa rangi tupu. Tajiri aliyeijenga nyumba alitaka ukuta wa kuegeshea kabati. Mtindo nao ulitaka dirisha. Wajenzi wakamridhisha kila mmoja: wakaziba kwa matofali, kisha kwa nje wakachora vioo vyeusi na fito nyeupe.

"Mama, hii nyumba ilikudanganya, na wewe ukaisaidia," alicheka André, mwashi wa Bukavu aliyekaa chumba cha pili.

"Cheka tu. Wewe hushoni mabuibui."

Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, chini ya balbu moja: Kidawa alikuwa anashona kwa kupapasa. Mteja mmoja alirudisha buibui lenye mkono ulioshonwa kinyumenyume. Mwingine hakurudi kabisa, na huyo ndiye aliyemtia hofu. Bila wateja, kodi angelipa na nini?

Adhuhuri moja alilaza kichwa juu ya cherehani, chumba kikaanza kuelea. Madirisha manne ya majirani yalishuka barabarani, yakaenda zao mtaa wa Yeoville kutembea, yakicheka kwa sauti za vioo. Lake likabaki juu peke yake, limefumba macho, likimsubiri amalize kushona kitu asichokumbuka ni nini. Alipozinduka alikwenda kwa André moja kwa moja.

"Kanitolee matofali yale."

"Eish! Na ile komite?"

"Komite yako inaishia barabarani, ndugu yangu. Haijawahi kupanda ngazi."

Jumapili baada ya ibada André aliyabandua, moja moja, kama mtu anayemvua mgonjwa bandeji. Mwanga ukaingia taratibu, ukakaa juu ya meza, juu ya mkasi, juu ya mikono ya Kidawa.

Kisha Kidawa akatandaza kitambaa cha utaji, kile chepesi cheusi ambacho aliyekivaa huona nje na aliye nje haoni ndani. Akashonea tepe nyeupe, wima na mlalo, mahali pa fito. André akakipigilia kwenye kingo za tundu.

Kamati ilikuja mwezi uliofuata, ikasimama barabarani. Kidawa aliwaona vizuri kabisa, sindano mkononi. Mwenyekiti alinyoosha kidole juu.

"Tazameni lile la katikati," alisema. "Halijaguswa tangu siku ya kwanza."

Upepo ulivuma. Dirisha likatuna kidogo, likatulia.