Chachandu Aliyopewa Shangazi Mkononi

Pilipili kavu zikipepetwa kwenye ungo hulia kama manyunyu juu ya majani ya mgomba: cha, cha, cha. Mlio huo ninao masikioni mpaka leo, maana asubuhi ile nyumbani kwetu Kibaha hakukuwa na mazungumzo mengine. Mama na Shangazi walikuwa hawasemeshani.

Shangazi, dada wa marehemu baba, alikuja kutoka Kisarawe na neno moja tu: mtoto wa kaka yangu namchukua, nikamlee mimi. Mtoto mwenyewe ndiye mimi. Mama aliwasha mkaa, akakaanga karanga, akaanza kutengeneza chachandu, ile pilipili ya kutwanga.

Mama ni mtu wa Singida, kwao karanga hazikosekani chunguni. Shangazi kakulia kwenye minazi. Basi akaketi mkekani karibu na mlango, akanigeuza mimi kuwa simu.

"Mwambie mama yako, sisi tunaunga kwa nazi. Karanga tunawaachia walinzi, watafune wasisinzie."

"Mwambie shangazi yako, pilipili asiyoila yamuwashia nini?"

Nilisimama katikati, sijui nianzie kwa nani, na wote walikuwa wameshasikia.

Mama akalisogeza jiko mpaka pale mlangoni, akamwaga zile pilipili kwenye kikaango kikavu. Jamani, moshi wa pilipili hauna adabu. Nilikohoa, kuku wakatimka, jirani akafunga dirisha lake kwa kishindo. Shangazi machozi yalimtiririka lakini hakusogea. Alijifuta kwa ncha ya khanga.

"Mwambie mimi si mbu, sifukuzwi kwa moshi."

Mama akahamia kwenye kinu. Vitunguu saumu, nyanya za kuchoma, karanga zilizotolewa maganda, zile pilipili, chumvi, ndimu. Alivyotwanga, ungedhani kila pigo la mchi lina jina la mtu.

Sasa, pilipili haipokezanwi mkono kwa mkono. Unaiweka chini, mwenzako anaiokota. Ukimpa mkononi mtagombana. Mama ndiye aliyenifundisha mwiko huo, na alishanifinya kwa kuusahau. Lakini siku ile alichota chachandu kwenye kibakuli, akainuka, akamnyooshea Shangazi moja kwa moja.

"Weka chini, wifi," alisema Shangazi. Safari hii hakunituma mimi.

"Pokea."

"Wifi, weka chini."

"Mtoto haondoki hapa. Pokea."

Shangazi alikitazama kile kibakuli, mpaka nikadhani atakipiga kofi kimwagike. Kisha akakipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea talaka. Akaonja kwa kidole.

"Chumvi haijakolea," alisema. Akakitua, akajifunga khanga, akanigusa kichwa akipita, akarudi zake Kisarawe kabla ugali haujaiva. Walikaa miaka bila kusalimiana.

Nilimkasirikia Mama, sina cha kuficha. Kisarawe nilikuwa nimeiota: vilima, ubaridi wa asubuhi, mikorosho, na kitanda changu peke yangu kama alivyoniahidi Shangazi. Nilimwona Mama ana roho ya jiwe. Nimekua ndipo nikaelewa kwamba muda wote ule alikuwa akikimbizana na swali, lile wanalopenda watu wazima kumtwika mtoto hadharani: haya, wewe mwenyewe unataka kukaa na nani? Jibu ningelitoa bila kufikiri, naye alilijua. Akaona heri yeye awe mbaya mbele ya ukoo mzima, kuliko mimi kulitamka neno hilo halafu nikaishi nalo.

Mchana ule, alipokwenda bombani kuchota maji, niliingia chumbani peke yangu. Chini ya kitanda kulikuwa na mfuko niliokuwa nimeshautia magauni yangu mawili na kandambili. Nikayatoa magauni, nikayakung'uta, nikayatundika tena kwenye msumari, pembeni ya gauni la Mama.