Mifarishi ya Harusi Juu ya Mizabibu

Saa mbili asubuhi, mwishoni mwa Novemba, Muqaddas Hoshimova amesimama juu ya mzabibu wake kwa miguu yote miwili. Anaukanyaga taratibu, unyayo baada ya unyayo, mpaka ulale kwenye mtaro uliochimbwa kando ya ukuta.

"Lala, bibi, lala," anauambia. "Kivuli umetupa, zabibu umetupa, sasa kapumzike."

Mkamwana wake, Dilafruz, anaufukia kwa beleshi. Udongo una baridi ya kukata vidole. Ng'ambo ya ukuta milima imekwisha kuwa myeupe, na leo au kesho theluji hiyo itashuka mjini. Mzabibu utakaokutwa bado uko juu ya kichanja hautaamka tena.

Hapa Istaravshan kila ua una mzabibu, ila si kila ua una mtu wa kuulaza bila kuuvunja mgongo. Hiyo ndiyo kazi ya Muqaddas, mwenye umri wa miaka 58: kuzika mizabibu ya watu kabla ya baridi na kuifukua baridi ikipita. Malipo ni somoni thelathini, pesa ya kwetu, kwa mzabibu mmoja. Kwa wajane ni chai na mkate wa moto, na ole wake mjane atakayejaribu kumpa hela.

Wageni hulalamika kwamba hali ya hewa ya mji wetu ni ya kichaa. Waache waseme, wenyewe tunaipenda. Tuna chilla mbili, yaani siku arobaini za joto kali na siku arobaini za baridi kali, na katikati yake hatuna raha ila tunajidai tunayo.

Chilla ya kiangazi ikiingia mwishoni mwa Juni, wingu hulioni hata kwa dawa. Vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Hapo ndipo mtu anapouheshimu mzabibu: familia nzima inahamia chini yake, inakula hapo, inalala hapo, na kugombana inagombana hapo hapo. Septemba hewa inapoa, zabibu zinakatwa na kutundikwa chumbani, na watu wanarudi kuwa na adabu. Kisha inakuja chilla ya pili, mwishoni mwa Desemba, mabomba yanaganda na babu zetu hawatoki tena chini ya blanketi.

Lakini anayetuumbua kila mwaka ni Machi. Jua linawaka wiki nzima, miaprikoti inachanua, watu wanavua makoti. Ghafla baridi inarudi kwa siku chache, kama mgeni aliyeaga akakumbuka amesahau fimbo yake. Siku hizo tunaziita siku za ajuza.

"Ukifukua mapema, jalidi inaunguza machipukizi yote," anasema Muqaddas. "Ukichelewa, yanachipua humo humo gizani, meupe, laini, ukiyagusa tu yanakatika. Kwa hiyo mwezi huo mimi sina usingizi, na anayeniudhi namtukana."

Mtaani kwake kuna desturi ya zamani kuliko yeye mwenyewe: hakuna anayefukua mzabibu wake kabla ya mzabibu wa ua huu kupandishwa juu ya kichanja. Ulipandwa na mama mkwe wake, na nusu ya mizabibu ya mtaa ni vipande vyake. Watu hawaulizi chochote. Wanapita, wanachungulia juu ya ukuta, wakiona matawi yako juu wanakwenda kuchukua mabeleshi yao.

Ndipo yakatokea ya Machi iliyopita. Muqaddas alikuwa ameitwa mtaa wa juu kwa kazi ya siku mbili. Nyumbani alibaki Dilafruz, aliyeolewa miaka miwili nyuma, ambaye mumewe, Firdavs, alikwenda Urusi kwenye kazi za ujenzi miezi michache baada ya ndoa. Firdavs alikuwa amepiga simu: anarudi kwa Nauruzi, sikukuu yetu ya mwaka mpya mwishoni mwa Machi.

"Nilitaka aukute uko juu," anasema Dilafruz, macho yake yako kwenye beleshi. "Aliuacha umezikwa. Nikasema, akifungua mlango aone nyumba iko hai. Jua lilikuwa kali, jamani! Nikafukua peke yangu, nikaupandisha, nikaufunga kamba."

Kufika jioni ya pili, mtaa mzima ulikuwa umefukua.

Muqaddas aliona vichanja vya majirani kabla hajafika kwake. Nani alaumiwe sasa? Majirani walikuwa wamefuata ua wake, na jina lililokuwa juu ya vichanja vile vyote lilikuwa lake.

"Nilimkuta amesimama uani na simu mkononi, analia," anakumbuka. "Simu inasema alfajiri itakuwa nyuzi nne chini ya sifuri. Nikamwambia maneno mabaya. Nilimwambia, 'Umeniulia mama yangu.' Niliyasema, siyafichi."

Kuushusha haikuwezekana tena. Machipukizi yalikwisha kufumbuka, kila tawi lililoguswa lilidondosha matatu manne. Dilafruz akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba mifarishi yake ya harusi.

Kwetu bi harusi huja na mifarishi, myekundu ya hariri na ya buluu ya kung'aa, iliyojazwa pamba na mama yake tangu yeye mtoto. Hupangwa ukutani mpaka karibu na dari. Haitumiwi ovyo. Wageni wakija huitazama, huihesabu kimoyomoyo, wakitoka husengenya. Dilafruz akaegemeza ngazi na kuitandaza yote juu ya kichanja.

"Mama yako akiona atazimia," Muqaddas alimwambia.

"Azimie," alijibu Dilafruz. "Nipe kamba, Mama."

Kisha akapanda juu ya ukuta na kuwapigia kelele wanawake wa mtaa. Kwanza walicheka. Halafu mmoja akatoa wa kwake, mwingine akatoa miwili, na kabla jua halijazama mtaa wote ulikuwa umevaa mavazi ya harusi, kichanja kwa kichanja. Mimi nilipita jioni ile kwenda kununua mkate, nikasimama. Nimezaliwa mji huu na sijawahi kuuona umependeza namna ile.

Jalidi ilikuja. Ndoo za maji ziliganda juu. Mizabibu ikapona, isipokuwa mmoja, wa fundi visu Usto Ghafforjon, aliyefunika kwa karatasi ya nailoni.

"Mke wangu alikalia mifarishi yake kama kuku kwenye mayai," anasema Usto Ghafforjon. "Basi mwaka huu tumekula zabibu za majirani. Tamu kweli, za bure!"

Firdavs alifika asubuhi ya siku ya pili, mifarishi ingali juu. "Nikadhani mama kafungua duka la mitumba," aliwaambia wenzake. Kisha akainua pembe ya ule mwekundu, akaona kijani chini yake, akairudisha taratibu.

Mifarishi ile imepata madoa ya utomvu na mabaki ya gome yasiyotoka. Dilafruz alitaka kuiweka chini kabisa ya rundo. Muqaddas ameipanga mwenyewe upya, yenye madoa juu. Mgeni akiingia anaonyeshwa kabla hajamiminiwa chai.

Sasa mtaro umejaa. Muqaddas anajishika bega la kulia, ambalo daktari amemwambia halitaki tena beleshi. Anampokonya Dilafruz beleshi, anapigapiga udongo mara moja, anamrudishia.

"Hili ni lako," anasema. "Machi atakayesema 'fukua' ni wewe. Mtaa utakutazama wewe."

Dilafruz anacheka kwa woga. "Mama! Mimi nitafukua mwezi wa sita!"

"Utafukua utakapoona."

Ninamwuliza Muqaddas anatarajia nini katika mwaka unaokuja. Anafuta udongo viganjani, anatazama milima.

"Jua la Machi likiwaka, na huyu akasema tungoje, nami naona tufukue," anasema, "au akasema tufukue, nami naona tungoje, nataka Mungu anipe uwezo wa kukaa kwenye kiti changu, ninywe chai yangu, ninyamaze. Itaniua. Lakini nitanyamaza."