Kata ya Kwanza

Sikutoka kijijini kwetu Mlali kwa kupenda kutembea. Mama yangu alikuwa kitandani, hataki uji wala maziwa, anataka maji ya chemchemi ya mlimani tu, na chemchemi ilikuwa imekauka. Wajerumani walikwisha kuuita mlima wetu msitu wa Serikali. Sisi tukakatazwa hata ufito, kisha wakaja wapasua mbao wao, miti yetu ya mininga ikashushwa na kuuzwa kwa watu wa reli. Enzi za mtemi, aliyekata mti wa kuuza alitoa fungu, na fungu hilo liliwalisha waliozibua chemchemi. Tukasema, Serikali nayo si mtemi? Fungu letu lipo bomani, twende tukalidai, tuchimbiwe kisima. Wanaume waliogopa kukamatwa kwa kazi ya reli. Mimi mjane, niliyejua Kiswahili kwa kuwauzia uwele watu wa misafara, nikasema nitakwenda.

Alfajiri Mama alinishika mkono. "Ukiyapata maji, usisahau kata ya kwanza."

Kwetu maji mapya hayanywewi hivi hivi. Kata ya kwanza, mteko wa kwanza wa kibuyu, humwagwa chini, kurudishiwa pale yanakotoka, ndipo watu wanywe.

Njia ilipita chini ya mlima. Jamani, nilivyoupenda mlima ule! Utotoni tulipanda na Mama kuchota maji, tukisikia nyuki kabla hatujaiona mizinga, na baridi ya kule juu ilitufanya tujitande vizuri. Sasa ni visiki na vumbi. Nilipita haraka.

Jioni, Kongwa, nililala kwa somo yangu, tuliyecheza naye tangu wadogo.

"Unakwenda kumdai Mjerumani maji!" alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya, ukipewa, nami nitilie."

Kesho yake bomani nilipokewa na akida, mtumishi wa Wajerumani, mtu wa pwani, mwenye kanzu safi.

"Fungu?" akasema. "Bibi we, fedha ya mbao haikai hapa. Yaenda Hazina, pwani. Huko ndiko igawiwako: reli, mishahara ya askari, maboma."

"Na sisi wenye mlima?"

"Mlima ni wa Serikali."

"Basi Serikali nayo imwage kata ya kwanza," nikasema, nikamweleza desturi yetu.

Hakucheka. "Bibi, anayegawa hajapata kukiona kijiji chenu," alisema taratibu. Akanionyesha kisima kipya uani, kilichochimbwa kwa fedha ile ile. "Jaza kibuyu chako, ndilo niwezalo."

Ukingo wa kisima ulikuwa wa mninga. Nikaweka kiganja juu yake, harufu ya mlima ikanipanda puani, nikalia mbele ya askari bila haya.

Kongwa, wakati wa kurudi, somo alinitazama usoni na hakuniomba hata tone. Alinisindikiza mpaka njia panda.

Mlali nilimkuta Mama hai. "Yametoka wapi?" aliuliza.

"Kisima cha bomani. Ndilo fungu letu, Mama. Wamelichimba kwao."

Akataka nimbebe mpaka chemchemini. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu, lakini kata ya kwanza aliimwaga juu ya mawe makavu. Ndipo akanywa.

"Matamu," alisema. "Ila hayana mlima."

Safari ile ilinifunza kwamba Serikali inajua kuchota. Kurudisha nilikuona kwa Mama, naye alikuwa na kibuyu kimoja tu.