Sanda Ndani ya Buti la Osée

Wafu peke yao ndio hawakuwahi kugombezwa na Mama Rehema. Wengine wote walikwisha kupata fungu lao: wateja waliochagua makaa makubwa na kumwachia vumbi, majirani waliomwaga maji machafu mbele ya kibanda chake, hata Imamu Moustapha, ambaye siku moja alikumbushwa mbele ya watu kwamba viatu vyake ndivyo vilivyoziba mlango wa wanawake. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, muuza makala, kama makaa yaitwavyo Lubumbashi, wa mtaa wa Katuba, na ulimi wake ulijulikana kuliko biashara yake. Lakini mwanamke wa Kiislamu akifariki, iwe Katuba au Kamalondo, watu waliuliza kwanza Rehema yuko wapi. Angesugua mikono kwa mchanga na sabuni mpaka weusi wa makala umtoke kwenye kucha, kisha angeingia nyuma ya pazia kuosha maiti. Huko nyuma ya pazia alikuwa mtu mwingine, mpole, mwenye maneno ya kuhesabika.

Asubuhi hiyo aliyefariki alikuwa Djamila.

Walijuana tangu walipokuwa wasichana wa chuo cha Kurani, wakichapwa pamoja kwa kusahau sura zilezile. Djamila aliolewa Kamalondo na mfanyabiashara wa vitenge, Rehema akaolewa Katuba na mtu ambaye hakufanya biashara yoyote inayofaa kutajwa. Baadaye Djamila alijaliwa kwenda Makka, akarudi na sanda yake mwenyewe, nguo nyeupe aliyoilowesha kwa maji ya zamzam na kuianika kwa mikono yake. Kila mwaka kabla ya Ramadhani aliitoa, akaipiga jua kidogo, akaikunja upya na kuirudisha ndani ya sanduku dogo la kahawia. Alipoona maradhi yamemzidi alimkabidhi Rehema sanduku hilo na kumwambia maneno machache tu: amwoshe yeye, si mwingine, na amvike hiyo, si nyingine. Rehema alikubali. Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo, kwa sababu alijua jinsi alivyowasema wengine walioahidi ovyo.

Basi ilipofika habari ya msiba, alilitoa sanduku chini ya kitanda, akaongeza ndani sabuni, kafuri, pamba na mkasi, akatoka kutafuta gari. Akampata Osée, kijana wa jirani anayeendesha teksi ya tajiri mmoja. Gari lilikuwa limetoka gereji asubuhi ileile, linang'aa rangi mpya, na Osée alikuwa na fahari nalo kama bwana harusi. Lilikuwa mojawapo ya yale magari ya Japani yanayoingia kupitia Zambia yakiwa na usukani mkono wa kuume. Tajiri alichoka na usukani huo, akaamua uhamishiwe kushoto kama magari mengine ya mji, na fundi Mwelwa alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kazi.

Buti, ambalo Lubumbashi huitwa kofre, lilikuwa wazi, kwani fundi aliliacha hivyo baada ya kushughulika na nyaya za taa za nyuma. Osée alipokea sanduku, akaliweka humo kwa heshima, akalishusha buti kwa nguvu za mtu anayetaka mtaa mzima usikie jinsi linavyofunga vizuri. Likafunga vizuri kweli.

Rehema alikaa mbele, kulia, penye kiti cha abiria. Njia nzima kulikuwa na kitu chini ya zulia jipya la gari, ambalo huku huitwa tapi, kilichomsumbua kisigino. Alimuuliza Osée ni nini, Osée akajibu kwamba gari liko hivyo. Rehema akamwambia kwamba yeye pia yuko hivyo, na kisigino chake kiko hivyo, na barabara ya kutoka Katuba haina haja ya kuongezewa mateso mengine. Kisha akakumbuka anakokwenda.

Nyumbani kwa Djamila watu walikuwa wamejaa. Mwanawe mkubwa, Aruna, alitoka kumpokea, macho yamemvimba. Maji ya kuoshea yalikuwa tayari, kitanda tayari, pazia limetundikwa, na Sofia, mwanamke aliyezoea kumsaidia Rehema kumimina maji, alikwisha kufika. Kaburi lilikuwa linachimbwa. Imamu alikuwa ametangaza kwamba maiti ataswaliwa mara baada ya alasiri. Kilichosubiriwa ni sanda.

Osée akaenda nyuma ya gari, akasimama, akalitazama buti. Akalizunguka. Akarudi kwenye kiti chake, akainama, akapapasa sakafuni upande wa mlango wake, akapapasa chini ya usukani, akapapasa chini ya kiti. Alipoinuka jasho lilikuwa limemtoka.

"Mama Rehema," alisema polepole, "kofre inakatala."

Rehema alimwuliza inakataa nini. Osée akaeleza kwamba magari ya namna hiyo huwa na kijiti kidogo karibu na kiti cha dereva, ukikivuta buti linafunguka, ila sasa kijiti hakionekani. Rehema akamwambia atumie ufunguo kama watu wengine. Osée akamwonyesha mahali palipokuwa na tundu la ufunguo: mafundi wa rangi walilijaza mastiki, wakalisugua likawa laini, wakalipaka rangi. Huwezi hata kujua kwamba pale palikuwa na tundu. Kazi safi kabisa, alisema, na alipoona uso wa Rehema akatamani asingesema.

Ukitaka kuona wanaume wengi kwa haraka, buti la gari likikwama inatosha. Waliokuwa wamekaa kwenye viti vya msiba, vichwa chini, midomo ikisoma, waliinuka mmoja mmoja wakaja kulizunguka gari, na kila mmoja alikuwa na elimu yake. Wa kwanza alisema lipigwe ngumi kwenye kona ya kushoto. Likapigwa. Wa pili akasema si ngumi, likaliwe kwanza ili chuma kilegee; wakalikalia watatu, likashuka, likapanda, likabaki limefungwa. Mmoja aliyewahi kuishi Dubai aliomba kitufe cha ufunguo, akakibonyeza kwa mbali, akakibonyeza kwa karibu, kisha akagundua kwamba ndani hakuna betri. Mwingine akang'oa kiti cha nyuma ili apenye huko, akakutana na ukuta wa bati. Akakirudisha kiti kinyume.

Rehema alisimama katikati yao, mikono kiunoni. Djamila amelala ndani, maji yanapoa, na hapa nje watu wazima wanakalia gari kwa zamu. Aliwaambia hivyo, kwa sauti ambayo hata waombolezaji wa ndani waliisikia. Wakasogea nyuma hatua moja, wakaendelea kushauri.

Aruna alileta mtaimbo. Hapo Osée, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akikubali kila kitu, alijitupa juu ya buti kwa kifua chake chote. Gari si lake, alilia, la tajiri, limetoka gereji leo, likivunjwa atakula nini. Aruna akamwambia mama yake amelala ndani. Walitazamana, wote wawili wakikaribia kulia, na mtaimbo ukabaki hewani. Rehema alikasirika zaidi, kwa sababu wote wawili walikuwa na haki, na mtu mwenye haki hagombezeki.

Ndipo Imamu Moustapha akaja. Alizungumza kwa upole: maiti hacheleweshwi kwa ajili ya nguo. Sanda ni sanda, hata ya bafta ya dukani inatosha, na Mungu anajua nia. Aruna aliinamisha kichwa, akamtuma mtu sokoni kununua bafta.

Rehema alijua Imamu amesema kweli, na hilo ndilo lililomchoma. Katika maisha yake yote Djamila hakumwomba kitu. Yeye ndiye aliyekuwa mwombaji: chumvi, nauli, gauni la sikukuu, bega la kuegemea alipozika mwanawe. Sasa Djamila ameomba mara moja, jambo dogo, la kubeba sanduku kutoka Katuba mpaka Kamalondo, na yeye ameshindwa kwa sababu ya kijiti.

Alimgeukia Osée, akamuuliza huyo fundi aliyeuhamisha usukani anaitwa nani, na kwa nini mpaka sasa hakuna aliyempigia simu. Osée akasema amempigia mara nyingi, Mwelwa yuko njia ya Kasenga na lori la mtu, huko mtandao unakuja na kuondoka. Rehema akamnyang'anya simu. Akapiga. Akapiga tena. Alizunguka uani akipiga, akimsema Mwelwa, akiwasema wazazi wa Mwelwa waliomfundisha kushika spana, mpaka sauti ikaitika kutoka katikati ya upepo na ngurumo ya injini.

Rehema hakumsalimu. Alimwuliza kijiti cha kufungulia buti amekipeleka wapi.

Mwelwa alijibu kama mtu aliyeonewa, akiuita usukani kwa Kifaransa. "Mama, balileta gari, basema hamisha volant. Nilihamisha volant. Kofre, hakuna muntu alisema."

"Sasa iko wapi?"

"Iko palepale Bajapani baliiweka. Upande wa kuume, chini ya tapi. Tapi ilikuwa mubaya, nikabandika mupya juu yake."

Rehema aliishusha simu bila kuaga. Alilitazama gari, akakitazama kiti cha kulia, akakitazama kisigino chake. Alikuwa amekanyaga ufunguo wa buti kutoka Katuba mpaka hapa, na tena alikuwa amelalamika kwamba unamuumiza. Wanaume wote hao walikuwa wamepapasa upande wa dereva, kwa sababu kila mtu anajua kijiti huwa upande wa dereva, na hakuna aliyefikiri kwamba gari lile lilikuwa na dereva mwingine zamani, amekaa upande mwingine. Osée, akijikuna kichwa, alikiri kwamba hata kifuniko cha tangi la mafuta amekuwa akikifungua kwa bisibisi tangu asubuhi. Alidhani gari liko hivyo.

Rehema aliomba kisu kwa wanawake waliokuwa wakimenya mihogo. Osée akaanza kusema kwamba zulia ni jipya, akaona kisu kiko mkononi mwa nani, akasogea kando. Rehema alipiga magoti kando ya mlango wa kulia, akapapasa ile nundu, akachana. Gundi ilikuwa ngumu na alichana kwa hasira, na chini yake, kikiwa na vumbi la nchi nyingine, kilikuwepo kijiti cheusi kilichochorwa picha ndogo ya gari lenye buti wazi. Alikivuta. Hakikukubali. Alikishika kwa mikono miwili, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, na huko nyuma ya gari kitu kikalia tak.

Wanaume walianza kushangilia, wakakumbuka wako msibani, wakageuza shangwe kuwa kikohozi. Aruna alilitoa sanduku, akalikumbatia. Mtu aliyetumwa sokoni alikuwa ndiyo anaingia langoni na bafta kwapani, na hakuna aliyemtazama. Osée alisogea kwa Rehema akitabasamu, pengine akingoja asante. Alipata hotuba, fupi lakini kamili, kuhusu watu wanaofunga kitu kabla ya kujua kinavyofunguliwa. Kisha Rehema akaenda kunawa mikono.

Nyuma ya pazia aliosha kama anavyoosha siku zote, kwa taratibu, bila kufunua kisichotakiwa kufunuliwa. Sofia alimimina maji. Sanda ilipokunjuliwa ilijaza chumba harufu ya kafuri na ya kabati la Djamila, na ilimfaa kama iliyopimwa. Walimvika nguo moja baada ya nyingine, wakafunga miguuni, wakafunga kiunoni, wakabakiza uso.

Rehema akainama. Bila kufikiri, mdomo wake ukaenda karibu na sikio la Djamila, kama ulivyozoea kwenda kila siku alipoudhiwa na mtu, maana huko ndiko alikopeleka hasira zake zote, za mume, za wateja, za majirani, na hazikurudi naye nyumbani.

"Djamila, sikia," alinong'ona. "Hiyo sanda yako ilinitesa. Ilifungiwa mu kofre. Bantu balikuwa bengi, kila muntu na akili yake. Nikaita fundi, nikamwuliza kofre inafungukia wapi. Unajua alinijibu nini? Eti, balisema hamisha volant, kofre hakuna muntu alisema."

Hapo akanyamaza, kwa sababu hapo ndipo Djamila angecheka. Angejishika mbavu, angempiga Rehema paja, angemwambia aanze upya kutoka mwanzo. Rehema alingoja. Sofia, ameshika ncha ya sanda, naye alingoja, bila kujua wanangoja nini. Uani Imamu aliwahimiza watu wajipange, na Aruna akaita kwa sauti ya chini kuuliza kama wamemaliza.

"Tumemaliza," akasema Rehema, akapokea ncha ya sanda kutoka kwa Sofia, na akamfunika uso.