Betri ya Kupandia Mlima

Jamani, kuna watu hawakubali kushindwa, na huyu fundi redio, ambaye mtaa mzima unamwita Lehemu, ni kiongozi wao. Mkewe alipopooza mguu, alimuundia baiskeli ya umeme: mota ndani ya gurudumu la nyuma, betri kaiunga mwenyewe kwa seli za kompyuta mbovu. Mama wa watu akarudi kushona sare kwenye karakana ya kule mlimani. Kazi ile aliipenda kufa.

Shida ikawa mlima. Akifika katikati tu, umeme unakatika, anabaki kaning'inia kwenye usukani hana la kufanya. Msimamizi wake akachoka.

"Dada, ukichelewa tena cherehani yako nampa mwingine."

Lehemu akaifungua betri. Ndani mlikuwa na kibao kidogo kinachokata umeme seli zikizidiwa. "Kumbe mchawi ni wewe!" akakiambia. Miaka yote, redio ikikata fyuzi, yeye huifunga kwa waya na redio inaimba. Basi na kibao akaking'oa, akaunganisha nyaya moja kwa moja. Kupima seli? Wapi!

Siku hiyo baiskeli ilipanda kwa mbwembwe, na Lehemu akatamba mtaani hashikiki. Kesho yake, karibu kabisa na karakana, moshi! Mke akajitupa majanini, wapita njia wakaimwagia mchanga betri iliyovimba. Nyaya za mota nazo ziliyeyuka zikashikana, gurudumu likawa zito halisukumiki.

Sasa Lehemu kaketi sakafuni na gurudumu mapajani, anabandua nyaya, anabandika, anabandua tena. Seli nyingine hana, na hata angepewa, hajui aanzie wapi.

"Baba watoto," mke akamwita kutoka kitandani, goti limefungwa bandeji. "Niambie ukweli. Kesho nitafika kazini?"

Lehemu akainamia gurudumu, akabandua waya mwingine.

Mke akamgeukia mdogo wake aliyekuja kumwangalia.

"Ukirudi kwako pitia karakana. Waambie cherehani yangu wampe huyo mwingine. Halafu mwambie kanyagio la cherehani linakwama upande wa kushoto, asilikanyage kwa nguvu. Alibembeleze tu, litaenda."