Kurasa Nilizofungia Korosho

Enzi zetu pale Chuno, kitabu kimoja cha hadithi kilisomwa na mtaa mzima. Kilianzia nyumba za walimu, kikapita kwa watu wa bandarini, na kilipofika kwetu kilikuwa kimelegea mgongo, kinanuka mafuta ya taa na samaki wa kukaanga. Ukikaa nacho zaidi ya siku tatu, watu wanakugongea mlango.

Mwezi huu nimesoma vitabu vitatu. Viwili nilisinzia navyo mchana, upepo wa Ufukoni ukinifunulia kurasa. Cha tatu nilikikuta kwa muuza vitabu vya mitumba, na jalada lilinishtua. Ni kile cha mama aliyesafiri akamwacha binti yake anamsubiri.

Kilipofika kwetu, mama yetu alikuwa amepelekwa Dar es Salaam kwa matibabu. Kila alasiri dada Agnesi alinisomea barazani, tukitafuna ming'oko, ile mizizi ya porini, kwa chumvi, kichwa changu mapajani mwake. Usingizi ukininyemelea, sikujua tena mama wa kitabuni ni yupi na wangu ni yupi.

Msimu wa korosho ulipoanza, nilichoma zangu kwenye bati, moshi ukaniwasha macho, nikakosa karatasi za kufungia korosho za kuuza shuleni. Nikachana kurasa za mwisho za kitabu cha watu. Dada hakunichapa. Alisema basi, mwisho atautunga yeye. Mama wa kitabuni akarudi, akashuka kwenye basi na kapu kichwani, akamwita binti yake kwa jina. Nilimsumbua anirudie mwisho huo kila siku. Na mama yetu aliporudi kweli, amekonda, gauni linampwaya, mimi sikushangaa hata kidogo.

Juzi nikazifikia zile kurasa. Yule mama harudi. Nililia, mtu mzima mimi. Nikampigia dada simu, nikamwomba radhi kwa kumnyima mwisho wa kitabu miaka yote hii.

Akasema, "Mdogo wangu, nilikuwa nimeshakimaliza kabla hujakichana. Ningekwambiaje, nawe ulikuwa unamsubiri mama?"

Vijana wa siku hizi hawachani vitabu, maana hata kuvifungua hawavifungui. Wanaiuliza simu mwisho wake ukoje, nayo inawajibu papo hapo, haijui nani kati yao anamsubiri nani. Nawaonea huruma. Mimi nilikuwa na dada.