Gesi Isiyo na Harufu

Salumu Nangomwa alikuwa fundi wa mitambo ya dizeli iliyoipa Mtwara mjini umeme wake, ule wa kuwaka leo na kukatika kesho. Mwenzake wa zamu alikuwa Fredi Komba, mtu wa Songea, na kusema kweli Fredi ndiye aliyekuwa fundi hasa. Pua yake ilikuwa mali ya kituo. Angeingia mlangoni, anuse mara moja, aseme bomba la tatu linavuja, na ukienda kumulika unakuta linavuja. Mafundi wote walijifunza hivyo: kunusa kwanza, kisha kupapasa viungo vya bomba kwa kiganja kuona kama vimelowa. Dizeli haina siri.

Habari za gesi ya chini ya ardhi huko Mnazi Bay, kwamba siku moja itaendesha mitambo badala ya dizeli, zilikuwepo tangu miaka ya themanini, na kufikia tisini na nane watu walishachoka kuzisikia. Ukitaja gesi kijiweni Chuno, unachekwa. Salumu naye alicheka na wenzake. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na yeye alishayaona. Alikwenda kwa jirani yake, mwalimu Veronika, akamwomba amfundishe Kiingereza jioni mbili kwa wiki. Hakutaka salamu wala hadithi. Alitaka maneno ya kitabu kimoja cha injini za gesi alichokiokota kwenye takataka za stoo. Mtu mzima wa miaka arobaini, elimu yake darasa la saba, akakaa chini akakariri.

Hapa lazima asemwe vibaya kidogo. Hakumwambia Fredi. Alijua siku gesi ikija mafundi watapunguzwa, na wakishindanishwa kwa haki, yeye hamwezi Fredi. Basi kitabu akakizungushia khanga ya mkewe, Rukia, akakitia sandukuni, na mchana akawa anakula ugali wa muhogo sahani moja na rafiki yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na Fredi hakuwa na habari.

Mwaka 2004 mitambo ya Dar es Salaam ikaanza kutumia gesi. Oktoba ile Salumu akachukua likizo. Kwetu likizo ya Oktoba ni ya korosho. Hata karani mwenye tai huenda shambani kuokota. Salumu aliaga kazini kwamba anakwenda Dar kutibiwa macho. Rukia, aliyeujua ukweli, alikasirika, akamwambia korosho za shamba lao la Nanyamba zitaoza chini kwa ajili ya ndoto zake. Fredi alimhurumia mgonjwa wa macho, akazitoa siku zake za mapumziko kwenda kumsaidia Rukia kuokota. Wakati huo mgonjwa alikuwa anafagia karakana moja huko Dar, bila malipo, ili tu aone wenzake wanavyofanya kazi na gesi.

Miaka miwili baadaye gesi ikaja kweli. Mafundi walikuwa tisa, nafasi nne. Mhandisi Yustina, mama mkali aliyetumwa kutoka makao makuu, akaweka mtihani wa vitendo: kila fundi akague bomba la mtambo mpya, akiridhika awashe. Wengine wasimame mlangoni watazame.

Fredi aliitwa wa kwanza. Akanusa. Akapapasa kiungo kimoja kimoja, polepole, mpaka cha mwisho. Vyote vikavu. Akasema bomba ni zima, akaielekea swichi.

Salumu aliliona kosa. Gesi ya jikoni hunuka kwa sababu imetiwa harufu. Hii inayotoka kisimani hainuki wala hailowanishi mkono. Akinyamaza, Fredi anaanguka na nafasi moja inabaki wazi. Akinyamaza, huenda pia wakateketea wote. Wazo la nafasi ndilo lililotangulia, na aibu yake haijamtoka hadi leo. Fredi akanyoosha mkono.

"Fredi, usiwashe!"

Kumbe Yustina alishaikata ile swichi, na ndani ya bomba alijaza hewa tupu. Alimgeukia Salumu, akamtaka aonyeshe anachokijua. Salumu aliomba sabuni na maji, akakoroga, akapaka viungo vyote kwa brashi. Kwenye kiungo cha tano povu likaanza kuvimba; hapo palikuwa panavuja. Yustina akaandika jina lake papo hapo. La Fredi hakuliandika.

Fredi alimngojea nje, ovaroli ameshaivua.

"Hili la sabuni umelijua tangu lini?"

Salumu angeweza kumwambia tangu juzi, na Fredi angeamini.

"Tangu tisini na nane."

Fredi akahesabu kwa vidole.

"Miaka minane," akasema. "Mimi ningekwambia siku ile ile."